Seli Juu ya Kichanja

Wifi yangu Deodata huamka kabla ya majogoo na kwenda kulitazama tenki la maji, kana kwamba lingeweza kuhama usiku. Hana dawa, ndivyo alivyo tangu kamati ya maji ilipomkabidhi mashine. Kaka yangu Venance, ambaye ndiye mumewe, hulalamika kwamba alitoa mahari apate mke akapata mlinzi. Mimi humwambia ashukuru, maana wako wanaume huku Kibimba wanaoamka wasijue wake zao wamelala wapi. Mimi naitwa Anneth. Nina duka dogo Kabanga, pale mabasi yanaposimama kabla ya mpaka, na ulimi wangu unajulikana pande zote mbili za mpaka huo.

Mashine yenyewe usiifikirie kubwa. Ni kibanda chenye mlango wa bati kando ya tenki. Ndani kuna pipa la plastiki la maji ya chumvi, kisanduku chenye taa ya kijani, na waya zinazoshuka kutoka kwenye sola iliyo juu ya paa. Ndani ya pipa huzamishwa kitu kinachoitwa seli. Ni mabamba membamba ya chuma, meusi, yamesimamishwa karibu karibu na kushikwa na mpini wa plastiki. Umeme ukipita, mabamba yale hutoa povu, na baada ya muda maji ya chumvi huanza kunuka jiki. Hiyo ndiyo dawa ya maji. Deodata huipima, huitia kwenye tenki, nasi tunakunywa bila wasiwasi. Wasiwasi wote anabaki nao yeye.

Kiangazi chemchemi yetu hupungua, tenki hufungwa, na watu huteka kule kule chemchemini, ambako maji ya miezi hiyo ni safi. Ndipo seli hutolewa ipumzike. Huwa imeshika ukoko mweupe kama birika la mzee wa kanisa, kwa hiyo huloweshwa kwenye siki iliyochanganywa na maji mpaka ukoko utoke wenyewe, halafu husuuzwa, hukaushwa kivulini, hufungwa kwa kitambaa kikavu na kuwekwa mpaka mawingu ya Septemba. Siki namletea mimi kutoka dukani. Fundi wa maji anayetoka Ngara mjini, kijana mmoja anaitwa Wiston, aliwafundisha hayo yote siku ya kwanza, na akarudia jambo moja mpaka watu wakacheka: msisugue. Ule weusi si uchafu, ni ngozi ya seli. Ukiitoa unabaki na bati.

Deodata hakucheka. Kabla ya mashine kuja, mvua za kwanza zilituchukulia mtoto wake wa pili, Samweli. Mvua zile ndizo mbaya. Zinateremsha kutoka mlimani kila kitu ambacho ng'ombe na watu wamekiacha kiangazi kizima, na vyote vinaingia kwenye maji. Samweli aliharisha, na kabla baba yake hajapata pikipiki ya kumfikisha hospitali alikuwa ameshanyamaza. Sasa yupo Irine, kitindamimba, anayechota maji kwenye ndoo kwa kikombe chake mwenyewe na kunywa akiwa amesimama kama mtu mzima. Kila wifi yangu anapomwona mtoto yule akinywa, macho yake hukimbilia kwenye kile kibanda.

Basi sasa nikuambie habari za mama.

Mama yetu anaitwa Véronique. Jina alilipata kwa padre aliyembatiza ng'ambo, Burundi, kabla wazazi wake hawajavuka kuja kulima huku. Ana nyumba yake ndogo upande wa juu wa boma la Venance. Mama yangu hana ugonjwa mwingine zaidi ya sufuria. Anazisugua kwa majivu na mchanga laini wa mtoni, kwa nyuzi za mgomba alizozikunja mwenyewe, ndani na nje, mpaka chini kabisa ambako wanawake wengine wanaamini kuna haki ya kuwa peusi. Akiingia kwa mtu haangalii uso wa mwenyeji, anaangalia kichanja cha vyombo. Binti alipoletwa kuchumbiwa na binamu yangu mmoja, mama aliuliza tu, "Kwao sufuria zikoje?" Nasi tuliolelewa naye tuna vidole vigumu mpaka leo.

Na kwetu mke wa mtu hamtaji mama mkwe wake kwa jina, hamjibu, wala hamwambii kosa lake usoni. Akiwa na neno anamtuma wifi. Ni desturi nzuri pale wifi akiwa karibu. Mimi niko Kabanga nauza sabuni.

Mwaka jana, mwanzoni mwa kiangazi, ilikuwa zamu ya nyumba ya Venance kupokea sala ya jumuiya. Asubuhi ya siku ile Deodata aliiosha seli kwa siki yangu, akaisuuza mara tatu kama alivyofundishwa, kisha akatafuta mahali pa kuikausha. Kibanda cha mashine kina joto kama tanuri. Ndani ya nyumba kuna Irine. Akaiweka kichanjani, chini ya mparachichi, mahali penye kivuli na upepo, katikati ya sufuria na sahani, akaenda na wanawake wenzake kuzibua mfereji wa chemchemi. Aliniambia baadaye kwamba aliitazama mara mbili akiwa njiani, akaona iko salama.

Mama akashuka kukagua vyombo kabla ya wageni. Akakuta kila kitu kinapendeza, ila kuna kitu kimoja cheusi ti, kimewekwa pale mbele kabisa, mahali ambapo kila mwanajumuiya angekiona. Mama hakuwahi kuingia kwenye kibanda cha mashine. Alichojua ni kwamba mkwe wake amechoka na wageni wako njiani. Akachukua majivu, akachukua mchanga. Kwa kuwa mabamba yamekaribiana na mkono haupiti, akachonga kijiti, akakizungushia nyuzi za mgomba, akapitisha katikati ya kila bamba na bamba, kwa subira ile ile aliyotulelea. Alipomaliza, kitu kile kiling'aa kuliko sufuria zote.

Hayo yote niliyajua kwa kuchelewa. Wakati ule nilichokiona ni mtu anayekonda.

Nilikwenda nyumbani mwezi wa saba, nikamkuta Deodata mashavu yamemwisha. Nikamletea sukari, hakuitazama. Anazungumza na wewe lakini jicho liko angani. Wingu dogo likipita, hata lile jeupe lisilo na faida, anasimama. Nikajiuliza kama ana mimba. Nikajiuliza kama kaka yangu amepata mtu huko Rulenge anakouzia ndizi. Mimi nikishajiuliza jambo silali nalo, kwa hiyo nilimkamata Venance nyuma ya zizi nikampa maneno yote niliyokuwa nayo, pamoja na mengine ya akiba. Maskini alisimama na jembe lake anapepesa macho.

"Dada, mimi nimefanya nini?"

"Unajua mwenyewe."

"Sijui. Naye hasemi. Anaamka anakaa kitandani, nikimuuliza anasema anasikiliza bati."

"Bati linasema nini?"

"Halisemi kitu. Ni kiangazi."

Nikamwacha na jembe lake. Lakini niliona jambo lingine siku ile ambalo sikulielewa. Mama alikuwa amenuna. Alikaa mlangoni kwake akisugua, na Deodata alipopita kumpa shikamoo aliitika marahaba ya kukata, bila kuinua kichwa. Nikasema hawa wamegombana kwa sababu ya kitoweo, yatakwisha.

Hayakwisha. Agosti ikielekea ukingoni, siku ya soko, nikamwona Deodata anashuka kwenye bodaboda mbele ya duka langu. Mtu ambaye hana safari. Amebeba kitu kifuani, amekifunga kwa kitenge, amekikumbatia kama mtoto mchanga. Akaingia, akaomba sabuni ya mche.

"Sabuni ya mche imekwisha Kibimba nzima?" nikamuuliza.

"Ipo."

"Basi umekuja kunitembelea. Kaa."

Akakaa juu ya gunia la chumvi. Akauliza habari za biashara, nikamjibu. Akauliza habari za wabadilisha fedha, kana kwamba ana faranga za kubadili. Wateja wakaja wakaondoka. Mwisho nikaona jasho linamtiririka na hakuna joto, nikashusha nusu ya mlango.

"Deodata. Mficha uchi hazai. Una nini?"

Akafungua kitenge. Nikaona kitu kinang'aa, safi, kama kimetoka dukani leo. Mimi, nisiyejua lolote, nikasema, "Mbona kimependeza!"

Ndipo alipolia. Si kilio cha sauti, ni kile cha mtu aliyejizuia miezi, mabega tu yanatikisika. Nikafunga mlango wote. Akanieleza: kichanja, jumuiya, majivu, kijiti cha nyuzi za mgomba alichokikuta kimewekwa vizuri kando ya mparachichi kwa matumizi mengine. Alikuwa amerudi kutoka chemchemini, akaiona seli kwa mbali inammetea. Wageni walikuwa wameshakaa. Alisali sala yote na hakumbuki hata neno moja.

"Na hukumwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Wiston ataniuliza nani amesugua. Niseme nani?"

"Umwambie mama yangu, basi!"

Alinitazama kana kwamba nimemwambia amchape kofi padre. "Wifi, unajua siwezi. Alifanya kwa wema. Na kosa ni langu, niliiweka pale."

"Basi ungenituma mimi. Wifi ni wa nini?"

"Nilikuwa nasema labda," akasema. "Labda inafanya kazi. Labda haijatoka yote." Kisanduku chenye taa na betri yake, Wiston huvichukua kila kiangazi kuvitunza mjini, kwa hiyo hakuwa na namna ya kuijaribu. Alikuwa ameishi na labda hiyo tangu Juni. Usiku anaichomoa chini ya kitanda na kuipapasa kwa kidole, atafute mahali palipobaki peusi. Palikuwapo. Kwenye bamba la mwisho, karibu na mpini, kuna alama nyeusi upana wa ukucha. Alinionyesha. Aliishika pale kwa kidole gumba muda wote tulipokuwa tunaongea.

Nilikasirika, sifichi. Nilimkasirikia yeye kwa kimya chake, nikamkasirikia mama kwa mikono yake, nikawakasirikia na waliotuachia desturi. Kisha nikachukua simu nikampigia Wiston, Deodata amenishika mkono akinisihi nisitaje mtu.

"Fundi, nauliza tu," nikasema. "Seli ikisuguliwa na mchanga inakuwaje?"

"Inakufa."

"Inakufa kabisa au inaumwa?"

Akacheka. "Dada Anneth, inakufa. Na mpya inaagizwa Dar, inachukua wiki kadhaa. Kwa nini unauliza?"

"Kuna mteja hapa ana udadisi."

"Mwambie asijaribu. Halafu mwambie Mama Irine nakuja Alhamisi kufunga mashine, utabiri unasema mvua zinawahi."

Sauti ya simu ilikuwa kubwa, Deodata alisikia yote. Alifunga seli kwenye kitenge, taratibu, kona kwa kona. "Alhamisi nitasema ni mimi," akasema. "Watanivua kazi, basi. Ila wangejua mapema wangeagiza nyingine. Ningesema Juni, ingekuwa imefika. Mvua ikija kabla, wifi, mtoto wa mtu akifa, nitakuwa nimemuua kwa heshima."

Nikafungua mlango, nikamtafutia bodaboda ya kurudi.

Jumatano nilifunga duka nikapanda kwenda nyumbani. Nilikuwa nimemwahidi Deodata sitamshtaki mama. Lakini kumuuliza mtu swali si kumshtaki. Nilimkuta mchana mlangoni kwake, sufuria mapajani, majivu kwenye kigae. Nikampa shikamoo, nikachukua sufuria nyingine nikaanza kusugua, maana ukikaa bure mbele ya mama yangu hakusikilizi.

"Mama, kile kitu cheusi cha Mama Irine, kilichokuwa kichanjani siku ya jumuiya. Ulikisugua wewe?"

"Nilikisugua." Mkono haukusimama. "Mgongo uliniuma siku mbili. Na hakuniambia hata asante. Mpaka leo. Nimemfanyia kazi kama mtoto wangu, ananipita kama jiwe."

Kumbe ndiyo ile kununa. Kiangazi kizima, katika boma moja, huyu anangoja asante na yule anangoja kifo. Niliweka sufuria chini.

"Mama, kile hakisuguliwi. Ule weusi ndio unaotoa dawa ya maji."

Aliendelea kusugua. Nilifikiri hajasikia, nikataka kurudia. Kisha nikaona anasugua mahali pale pale, duara moja dogo, na majivu yalikuwa yameshakauka. Nilikaa mpaka jua likageuka, nikamwacha.

Alhamisi Wiston alifika na kisanduku chake. Mzee Protasi, mwenyekiti wa kamati, alikuwapo na wajumbe, na watu wengine waliokuja kwa sababu pikipiki ya fundi ikilia hakuna anayebaki nyumbani. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya milima ya Burundi, mazito. Mama naye alishuka na fimbo yake, akakaa juu ya jiwe, mbali kidogo. Deodata hakuwa amenywa hata chai. Alikabidhi seli ikiwa bado ndani ya kitambaa.

Wiston alifungua. Aliigeuza huku na huku. Akaizamisha kwenye maji ya chumvi, akafunga waya, akawasha. Taa ikawa ya kijani, na wote tukainama juu ya pipa kama watu wanaotazama kisima alimoanguka mtu. Deodata hakuinama. Alinitazama mimi usoni, ajue kwa uso wangu.

Povu lilitoka. Nusura nipige kigelegele. Lilitoka upande wa mpini, dogo, la uvivu, likapanda kidogo. Wiston alisubiri, tukasubiri naye. Alichovya kikaratasi chake cha kupimia, akakiinua kwenye mwanga, na kikaratasi kilikuwa cheupe kama kilivyoingia. Halafu taa ikageuka nyekundu.

"Nani ameisugua hii?"

"Mimi," Deodata akasema.

Alisema upesi, kabla fundi hajamaliza. Watu wakaguna. Mzee Protasi alivua kofia, akaivaa tena. "Mama Irine," akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira, ndiyo maana iliuma zaidi, "wewe ndiye uliyefundishwa. Tulikuamini wewe. Na mvua hiyo hapo."

"Ni kweli, baba."

"Mwongo huyo!"

Wote tuligeuka. Mama alikuwa amesimama, ameegemea fimbo yake. "Mwongo! Huyu anajua kusugua? Nendeni mkatazame sufuria zake, chini zote ni nyeusi, tangu aolewe sijaona moja iking'aa. Fundi, lete hicho kitu. Tazama katikati humo, tazama kona. Kazi kama hiyo ni ya mkono wa huyu? Nimeisugua mimi. Aliianika, nikadhani ni chombo kichafu, nikaisugua kwa majivu na mchanga. Yeye hakuniambia kwa sababu kwetu hawasemi. Mimi nimekuwa nikingoja anishukuru."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akaona hakuna mwenzake. Mama alijaribu kukaa, akakosa jiwe, nikamdaka. "Mana yanje," alikuwa akimwita Mungu kwa Kirundi, kwa sauti ndogo, "Mana yanje, na maji ya watoto." Deodata alikuwa ameganda palepale alipokuwa, mikono imefunika mdomo.

Wiston alisema ataagiza seli mpya siku hiyo hiyo, na ataulizia mjini dawa ya unga ya kutia kwenye maji kuziba pengo, ila tusiitegemee. Mpaka hapo, kila nyumba ichemshe. Mzee Protasi akasema atatangaza kanisani Jumapili na atamwomba sheikh naye awatangazie watu wake. Lilikuwa jambo la busara. Ila mbingu hazikungoja Jumapili. Alasiri ile ile mvua ilianguka, ile ya kupiga, na kabla ya jioni maji ya chemchemi yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Nisikuweke roho juu: mvua zile hatukuzika mtoto. Wako walioumwa tumbo, akiwamo wa Josiane jirani yetu, wakapona, na seli ilikuja tukiwa tumeshakata tamaa nayo. Lakini Ijumaa ile asubuhi hakuna aliyejua hayo. Nilichojua ni kwamba simu za nusu ya kijiji hazina chaji, sola zote zina mawingu, na wanawake wanateka maji yale mekundu kama walivyoyateka jana. Deodata alikuwa jikoni tangu alfajiri na vyungu viwili motoni, Irine amefungwa mgongoni ingawa miguu ya mtoto inafika chini ya kiuno, kwa sababu hakuthubutu kumweka karibu na ndoo. Kuni zilikuwa mbichi. Moshi ulitutoa machozi ambayo hayakuwa ya moshi.

"Mama yuko wapi?" akaniuliza.

Nilikwenda kumtazama. Mlango ulikuwa umefungwa, fimbo haipo.

Nilimfuata kwa kuuliza. Kila nyumba niliyofika waliniambia ameshapita. Ameanzia nyumba ya juu kabisa, karibu na shule, anashuka boma kwa boma katika manyunyu, akiwa amejifunika gunia kichwani. Nilimkuta kwa Josiane. Alikuwa amesimama nje ya uzio, hataki kuingia, anasema maneno ambayo bila shaka alikuwa ameyasema kila mahali: "Mimi ni Véronique, mama wa Venance. Mashine ya dawa ya maji niliisugua mimi, ikafa. Msinywe maji bila kuyachemsha. Mnisamehe."

Josiane ni mtu wa maneno, hata kwa mkubwa. "Sasa bibi," akasema, "kuni zote zimelowa. Nikae najaza moshi nyumba nzima kwa ajili ya makosa yako?"

Nilifungua mdomo nimpe haki yake. Mama aliniwahi.

"Samweli nilimbeba mimi siku ile. Tulikuwa tunangoja pikipiki. Alinyamazia mgongoni kwangu, nikaendelea kumbembeleza, nikidhani amelala." Aliinua gunia lisimchuruzikie maji machoni. "Chemsha, mwanangu. Kuni njoo uchukue kwangu, ninazo kavu chini ya kitanda."

Josiane aliingia ndani, tukasikia anavunja kitu kwa panga. Baadaye nilikuja kujua kwamba alivunja kigoda.

Nilimsihi mama apande bodaboda, akakataa. Nilimsihi nimalizie nyumba zilizobaki, akaniuliza kama mikono iliyosugua ilikuwa yangu. Basi nilitembea nyuma yake. Kuna waliomwambia pole, kuna waliomkaribisha uji, na kuna mzee mmoja aliyetukana mpaka nikatafuta jiwe kwa macho. Kwa wote alisema maneno yale yale, akamaliza kwa mnisamehe, akaenda. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka viatu vya plastiki vikamkata.

Tulirudi nyumbani tukipitia chini. Nilidhani atapanda moja kwa moja kwake akalale. Akasimama mbele ya mlango wa boma la mwanawe, mlango anaoupita kila siku bila kubisha, akarekebisha gunia kichwani.

"Hodi hapa," akaita.

Deodata alitoka jikoni na Irine mgongoni, macho mekundu. Akamwona mama mkwe wake amesimama nje kama mgeni. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama alitazama chini, akaanza kama alivyoanza kote. "Mimi ni Véronique, mama wa Venance. Mashine ya dawa ya maji niliisugua mimi, ikafa." Akainua macho kwa Irine. "Msinywe maji bila kuyachemsha. Na huyo mtoto. Mnisamehe."

Kwetu mke wa mtu hamjibu mama mkwe wake. Mimi ndiye wifi, nilikuwa hapo katikati yao, na kwa desturi jibu lilipaswa kupita kwangu. Deodata hata hakunitazama. Alishika mkono wa mama, ule wenye ngozi ngumu, akauvutia ndani ya boma.

"Nimekusamehe," akamwambia. "Ingia, mama, umelowa. Maji yameshachemka, nakupozea ya kunywa."